Gauni la Safari na Mkaja wa Sufu

Sikuwa na hofu ya ndege. Hofu yangu ilikuwa nguo. Nalisema hili wazi kwa sababu watu wengi hapa Bagamoyo walinifariji kwa jambo ambalo halikuwepo: wakaniambia ndege hazianguki ovyo, wakaniambia nisome dua ya safari kisha nifumbe macho. Dua nilikuwa nayo. Nililokosa ni jibu la swali moja tu: mwanamke wa umri wangu, ambaye miguu humvimba akikaa kitako muda mrefu, avae nini usiku kucha kwenye kiti, ili asubuhi ateremke Uholanzi mbele ya mkwe wake akiwa bado mtu wa kutazamika?

Mkwe ninayemsema ni mama wa mume wa binti yangu. Tulikuwa hatujaonana. Kijana wake alikuja kuoa hapahapa kwetu, akasilimu kwanza, nikaha ikasomwa nyumbani, lakini mama yake hakuweza kusafiri kwa maradhi ya magoti. Sasa binti yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, imeshakuwa kubwa, na mimi nilikuwa naenda kumwangalia mpaka ajifungue na arobaini itimie. Kwetu mtoto wa kike hazai uzazi wa kwanza mama yake akiwa mbali, kama mama yu hai na ana njia ya kufika. Binti alikuwa ameshaniambia kwamba mama mkwe wake ni mwanamke nadhifu sana, hata kwenda kununua mkate huvaa lulu masikioni. Aliyasema hayo kwa kumsifu. Mimi niliingiwa na wivu, na sioni haya kuuita kwa jina lake.

Nimefundisha darasa la kwanza tangu usichana wangu mpaka nilipostaafu. Katika miaka yote hiyo sikusimama mbele ya watoto na nguo yenye mkunjo. Umeme ukikatika tulikuwa na pasi ya mkaa, na mkaa ukikosekana nililaza nguo chini ya godoro. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia nivae chochote, kwa kuwa ndani ya ndege kila mtu amelala, nilimwacha na gazeti lake. Huyo ni mtu ambaye angekwenda mazishini na kandambili kama nisingesimama mlangoni.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyelichukua jambo hili kama linavyostahili, ila alilichukua mno. Dada anaishi Kiwangwa, ana shamba la mananasi, na amezoea kuamrisha. Alinunua kitenge cha buluu chenye maua ya manjano, pisi nzima, akagawa kwa wanawake wote wa ukoo watakaonisindikiza uwanja wa ndege, ili tuwe sare. Changu akakipeleka mwenyewe kwa fundi, bila kuniuliza. Likarudi gauni la kubana kuanzia kifuani mpaka magotini, likiachia chini, zipu mgongoni, na mabega yamesimama utadhani yana mbao ndani.

Lilikuwa zuri. Nilipojitazama kwenye kioo nilijiona nimepungua miaka. Lakini nilipoketi, zipu ilinichoma mgongoni na pumzi ikanikaa kooni. Nikamwambia dada kwamba gauni hili ni la kusimama, na mimi naenda kukaa. Akaniambia maneno ambayo nilikwenda nayo safari nzima.

"Utakapoteremka kule, mdogo wangu, hawatakuuliza umelalaje. Watakutazama. Nataka wajue mtoto wetu katoka kwa watu."

Hata mimi nilitaka hilohilo. Nilitaka yule mama mwenye lulu anione mara moja tu, aelewe kwamba binti yangu hakuokotwa. Dada alitaka nilipate jambo hilo kwa kuumia. Mimi nilitaka nilipate nikiwa napumua.

Nikaamua kufanya jaribio, kama nilivyokuwa nikiwafanyia watoto darasani. Nilisogeza kiti cha sebuleni kikaegemea ukuta, mbele yake nikaweka kiti kingine kikigusa karibu na magoti, nikavaa lile gauni, nikaketi tangu adhuhuri. Nilijikataza kuinuka ila kwa sala na kwa haja. Watoto wa jirani walikuja dirishani kuchungulia, wakacheka, nikawatolea jicho la ualimu wakatawanyika. Kufika alasiri kiuno kilikuwa kinawaka moto. Kufika magharibi vifundo vya miguu vilikuwa vimejaa, na gauni lilikuwa limejikunja tumboni mistari mitatu ambayo pasi yangu ilipata kazi kuiondoa.

Siku iliyofuata nikajaribu dera. Dera halina ugomvi na mtu, nililala humo kama mtoto. Lakini dera ni la nyumbani na la kufika dukani, na lile langu lilikuwa laini kiasi cha kunata mapajani. Nilimpigia binti kumuuliza. Akaniamkia, nikamwitikia marahaba, kisha akaniambia kule wanawake wazima husafiri na suruali za michezo na raba, na hakuna anayejali. Nilimuuliza kama mama mkwe wake naye huenda hivyo uwanja wa ndege. Akasema hapana, yeye hapana. Basi nikakata simu.

Jibu nililipata uani kwa jirani yangu, mama wa Kimanga, Mwarabu wa asili ya Omani, ambaye ukoo wao una maduka ya vitambaa. Alikuwa anaanika nguo, na katika kamba zilitundikwa zile suruali zao za pamba, pana kiunoni, nyembamba chini, ambazo huvaa chini ya gauni refu lililolegea. Nimeziona suruali zile tangu utotoni na sikuwahi kuzifikiria. Nilisimama pale nikizitazama mpaka akaniuliza kama kuna kilichopotea. Nikamwambia hapana, kimepatikana.

Nilimtaka fundi anishonee gauni jingine la kitenge kilekile: lisibane popote, likatwe kifuani halafu literemke kwa nafasi, mikono mirefu, bila zipu, na chini yake suruali ya pamba ya buluu. Shida ikawa kitambaa. Kilichobaki cha pisi kilikuwa kwa dada, amekitenga akishone kilemba na mtandio wake wa siku hiyo. Nilimpigia, nikamweleza, akanuna. Aliniambia naharibu sare, na kwamba nitafanana na bibi yetu. Nami nikamjibu kwa hasira kwamba bibi yetu alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Mkange mpaka huku na hakuna aliyewahi kumwona amechakaa. Tukaachana bila kuagana.

Juma lile gari la mananasi lilipopita, dereva aliteremsha kifurushi mlangoni kwangu. Ndani mlikuwa na kitambaa chote kilichobaki. Dada hakuweka neno lolote, wala sikumpigia kumshukuru. Sisi wawili ndivyo tulivyo, na tunaelewana.

Gauni lilipotoka kwa fundi nililikalia kutoka adhuhuri mpaka isha, nikainuka, nikalikung'uta mara moja, likaanguka sawasawa mpaka chini. Nilicheka peke yangu sebuleni. Nikanunua raba nyeusi, kubwa kidogo kuliko mguu wangu ili mguu upate pa kuvimbia, nikachagua mtandio usiohitaji pini. Nilijiona nimeshinda.

Lakini lilikuwepo jambo la shali, na hapa inabidi nirudi nyuma kwenye harusi. Kwetu upande wa mume humpa mama wa bibi harusi mkaja. Asili yake ni kile kitambaa mama alichojifunga tumboni baada ya kuzaa, na kwa mkaja wanamwambia: tunaliheshimu tumbo lililomzaa huyu. Siku hizi mkaja umekuwa bahasha na doti ya kanga. Binti yangu alikuwa amemweleza mama mkwe wake maana yake, na yule mama akampa kijana wake kifurushi aje nacho. Kilipofunguliwa mbele ya wanawake, kikatoka kipande cha shali la sufu, rangi ya jivu, zito, na ncha moja imechakaa kidogo. Wanawake walicheka hadi wakafuta machozi. Shali la sufu, Bagamoyo, mwezi wa joto. Dada ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema labda tulifunikie tanuri la mkate. Mimi nilicheka pia, lakini ilinichoma. Nililiona ni kitu cha zamani mtu amekitoa kabatini ili asifike mikono mitupu. Nikalitia sandukuni, chini kabisa.

Sasa, siku ya safari, wanawake wa ukoo wamejaa nyumbani kwangu kwa buluu na manjano, chetezo kinazunguka, nguo zangu zimefukizwa udi mpaka ndani ya raba, dada akaja na shali lile mkononi. Alikuwa amelitoa sandukuni, nalo akalifukiza. Nikamwambia silichukui, litaniharibia gauni.

"Mkaja ni mkaja hata ukiwa wa ajabu," akasema. "Huendi kuonana na aliyekupa ukauacha nyumbani." Akalisukuma ndani ya mkoba wangu, akafunga zipu.

Uwanja wa ndege tulikuwa kundi la buluu kiasi cha watu kutupisha njia. Nilipoingia peke yangu nilitembea nikijua nyuma yangu kuna macho mengi, na nikanyoosha mgongo kwa ajili yao.

Ndani ya ndege gauni lilifanya kazi yake. Suruali iliniruhusu kukunja miguu kitini bila aibu, raba zilivumilia uvimbe, na kijana wa Kizungu aliyekaa kando yangu alivuta harufu ya udi akauliza kwa Kiingereza ni manukato gani. Nikamwambia ni ya kwetu, hayauzwi kwenye chupa. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu baridi. Baridi ile ilianzia kiunoni ikapanda, na blanketi walilotupa lilikuwa jepesi kama leso. Nikavumilia kadiri ya kuvumilia, kisha nikafungua mkoba, nikalitoa lile shali, nikalizungusha kiunoni na tumboni, nikalikaza kama mama yangu alivyonikaza mimi baada ya uzazi. Mgongo ukatulia. Nikalala.

Asubuhi niliamka, nikaenda kunawa uso, nikajitazama kwenye kioo kidogo cha msalani. Gauni halikuwa na mkunjo wa kusema. Nililifungua shali, nikalikunja, nikalitia mkobani ili buluu yote ionekane. Lakini mlango wa ndege ulipofunguliwa upepo uliniingia mpaka mifupani, na nikiwa natembea nikalitoa tena, nikajitanda mabegani. Nilikuwa nimekasirika. Kazi yote ile, ugomvi wote ule na dada, halafu mtu wa kwanza atakayeniona aone jivu.

Binti yangu alikuwa mbele, tumbo limetangulia, analia na kucheka. Nilimkumbatia kwa ubavu ili nisimbane. Kando yake alisimama mwanamke mrefu, mvi zake zimechanwa vizuri, na kweli lulu zilikuwepo masikioni. Nikanyoosha mkono kumsalimu. Hakuupokea. Alikuwa analitazama shali, na mkono wake ukaenda kwenye ile ncha iliyochakaa, ukaishika. Kisha uso ukamkunjamana, akalia palepale mbele za watu, mwanamke nadhifu yule.

Alisema maneno mengi kwa lugha yao. Binti yangu alisikiliza, akageuka kwangu, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Mama, anasema alilifuma mwenyewe alipokuwa na mimba ya mume wangu. Ndilo alilomfungia mtoto siku alipomtoa hospitali. Anasema nilipomwambia mkaja ni kitu cha tumbo, hakuwa na kitu kingine cha tumbo isipokuwa hiki."

Hata binti hakuwa akilijua hilo, wala mume wake. Mimi nilisimama pale nikiwa na gauni langu lisilo na mkunjo na sikulikumbuka tena. Nilichokumbuka ni sebule yangu imejaa vicheko. Wanawake wa mji wangu wote wamepewa bahasha. Mimi peke yangu nilipewa mkaja. Nikaona fahari ambayo sijawahi kuipata kwa nguo yoyote, nikamvuta yule mama nikamkumbatia, lulu zake zikanigusa shavuni.

Mjukuu wetu alizaliwa kabla mwezi haujaisha, mvulana. Nilipomaliza kumkanda binti yangu kwa maji ya moto, nilimfunga tumbo kwa kanga niliyotoka nayo nyumbani, maana sufu hunyumbuka na haikazi. Kisha juu ya kanga nikaweka shali. Kazi ile inataka watu wawili. Nilimwita mkwe mwenzangu, nikampa ncha ile iliyochakaa, nikashika nyingine, nikamwonyesha kwa mikono avute. Akavuta, magoti yake mabovu yakiegemea kitanda.

Jioni nilimpigia dada Kiwangwa, nikamweleza yote tangu uwanja wa ndege.

"Basi mtoto wetu kaolewa kwa watu," akasema.

Halafu akataka kujua kama yule mama alilisifia gauni. Nikamwambia ukweli, kwamba hakuliona kabisa.