Koti la Mkuu wa Stesheni

Wivu ninao, sifichi. Dada yangu ana miaka sabini na mitatu, mimi sabini na mmoja, na tangu tulipokalia cherehani mbili zilizopakana katika kiwanda cha sare, sifa zote zilianzia kwake zikaishia huko huko. Yeye ndiye aliyepima wateja, yeye ndiye aliyejua kuongea. Mimi nilikuwa nyuma ya rundo la vitambaa, kichwa chini, nashona.

Basi makumbusho ya reli yalipofunguliwa, tukaalikwa mafundi wa zamani. Chumba cha pili, ndani ya kabati la kioo, lilitundikwa koti jeusi la mkuu wa stesheni, vifungo vya shaba. Kadi iliyo chini yake ilimtaja dada kuwa ndiye mshonaji, kwa sababu familia ya mkuu huyo, ambaye sasa ni marehemu, ilikumbuka kwamba ndiye aliyempima. Watu wakampigia makofi. Roho iliniuma kama niliyemeza sindano.

"Matundu ya vifungo yamelala upande," nikamwambia mama aliyesimama karibu yangu, na wala sikunong'ona. "Aliyeshona haya alikuwa anasinzia."

Tangu siku hiyo nikawa mgeni wa kila Jumamosi. Wenzangu huenda makumbusho kujifunza; mimi nilikwenda kutafuta kasoro. Taa za mafuta, tiketi za zamani, saa za ukutani, vyote nilivipita mbio hadi nitue kwenye kile kioo. Wageni wakikaribia, nawapa somo: hebu tazameni tundu la tatu, tazameni uzi ulivyolala! Msimamizi, bwana mmoja mpole mwenye kipara, akawa anayaandika maneno yangu kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu akaongeza sentensi kwenye kadi: "Kwa maoni ya mafundi, matundu ya vifungo hayakushonwa kwa umahiri." Niliisoma mara nne. Nikarudi nyumbani napiga mluzi, bibi mzima.

Wiki iliyofuata kifungo kimoja kikalegea.

"Mama, wewe si fundi? Hebu tukazie hiki," msimamizi akaniomba, akafungua kabati na kulilaza koti mezani.

Kwa mazoea nikageuza ukosi. Kiwandani kwetu kila fundi aliacha ndani ya ukosi mshono mmoja wa uzi wa rangi yake, ili koti likirudi na malalamiko, lirudi kwa mkono uliokosea. Wa dada ulikuwa mwekundu. Wangu kijani.

Huu ulikuwa kijani.

Nikavuta kiti nikakaa. Mimi ni mashoto, ndiyo maana uzi wa matundu yangu hulala upande wa pili; wivu ulinifumba macho nisiyatambue. Mchimba kisima huingia mwenyewe: miezi mitatu nilikuwa najitukana mbele ya wageni, tena kwa kujitolea.

"Koti hili nimelishona mimi," nikamwambia.

Akachukua daftari lake. "Jina nitabadilisha nikipata shahidi, mama. Na ile sentensi ya matundu?"

"Iondoe! Ni matundu mazuri hayo, ni ya mkono wa kushoto tu."

"Sasa nani atathibitisha?"

Mafundi wa kiwanda kile tumebaki wawili.

Nilimkuta dada anakunja nguo. Nikamweleza yote, macho yangu sakafuni, kisha nikamwomba aje aseme mbele ya watu kwamba kazi yangu ni nzuri.

Hakushangaa hata kidogo. "Nilijua siku ile ile ya ufunguzi. Matundu yako nayajua hata nikifumba macho. Nilishafungua mdomo nikuite mbele, nikakusikia unasema fundi alikuwa anasinzia. Nikaona, nikikutaja sasa, si watakucheka? Acha nibebe mimi."

"Miezi yote hiyo wanakucheka wewe, na umenyamaza?"

"Maneno yako nimeyazoea, mdogo wangu." Akaweka nguo kando, akaanza kuvaa viatu. "Twende kabla hawajafunga."

Nikamfuata. Nilipaswa kumshukuru, najua. Lakini njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba hata kwa wema amenipita, na nikamwonea wivu kuliko siku ile ya makofi.