Harufu ya Mama, Kimolekuli

Nafundisha kemia kwenye sekondari moja huku Temeke. Mwaka huu wanafunzi wangu walikwama kwenye neno la kitabuni, nikawapa Kiswahili chake: kimolekuli. Nikawaambia, ukikitazama kitu kimolekuli unakitazama kwa molekuli zake, zile chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Madam, sasa hilo neno tunalitumiaje kwenye sentensi?"

Bila kufikiri nikajibu, "Kimolekuli, harufu ni kitu chenyewe kinachoondoka." Wakaandika. Mimi nikabaki nimeshika chaki.

Nyumbani Chamazi nina kanga ya marehemu mama. Mama alikuwa akipika udi wake mwenyewe, sukari, marashi ya mawaridi na msandali, na kila Alhamisi jioni alitandaza nguo juu ya chetezo mpaka moshi uingie kwenye nyuzi. Alipofariki, nguo zake tulizigawa kama ilivyo desturi. Hiyo moja niliificha kwenye mfuko wa nailoni. Nikizidiwa naifungua kidogo, nanusa, nafunga. Kumbe kila nilipomnusa nilikuwa nampunguza.

Tangu siku ile sikuufungua tena mfuko. Wachoyo wengine hawana sababu. Mimi nilikuwa nayo, tena ya kisayansi.

Idi pili mdogo wangu akaja kutoka Mwenge. Hata chai hajamaliza, akasema, "Dada, naomba ninuse ile kanga ya mama." Nikamweleza habari za molekuli. Alinisikiliza vizuri, maana ana adabu kuliko mimi.

"Sasa unamtunzia nani?" akauliza. "Mie mwenzio nimeanza kumsahau."

Udi wa mama tumejaribu kuupika mara nyingi. Unanukia vizuri, lakini haunukii kama yeye.

Nikaileta kanga. Tukazima feni, tukafunga madirisha, joto la Dar likatukalia kichwani. Harufu ilibaki kidogo tu, kwenye pindo. Mdogo wangu akazamisha uso humo akalia. Kisha akanipa.

Nilivuta pumzi nikaizuia mpaka kifua kikauma. Mama alikuwa ndani yangu, kimolekuli, na hata hivyo nilikuwa na hamu naye. Iliposhindikana kuizuia zaidi, nilimwinamia mdogo wangu, nikaiachia taratibu usoni kwake.