Mama Mlango na Jengo Lisilotaka Kiti

Jina la Mama Mlango hakupewa na wazazi wake. Alipewa na jengo. Kabla ya hapo alikuwa tarishi katika ofisi za zamani za serikali, zenye varanda, benchi la mbao na mlango uliokaa pale milango inapokaa.

Kisha wakubwa wakaamua kwamba serikali haiwezi kuendelea kukaa katika nyumba inayofanana na nyumba. Likajengwa hili la sasa katikati ya mji: vioo chini hadi juu, jembamba kwenye msingi na pana kileleni, limeinama upande mmoja kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Msanifu wake alisema linaonyesha uwazi. Uwazi wenyewe ulikuwa hivi: mlango nao ni kioo, hauna kitasa, hauna fremu, wala hauna kibao, kwa sababu kibao kingeharibu sura ya jengo. Wiki ya kwanza wananchi walilizunguka wakipapasa vioo, huku makarani wakiwatazama kutoka ndani.

Mtu mwenye akili zake angeweka kibao. Wao wakaweka mama mzima. Wakamshonea sare ya kijivu ili naye asiharibu sura, wakamwambia asimame uwanjani awaonyeshe watu mlango. Mwavuli marufuku. Kiti marufuku.

"Mama, mlango uko wapi?"

"Hapo hapo ulipo, mwanangu. Sukuma hicho kioo chenye alama za vidole."

Ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Na hizo alama za vidole zilifutwa kila asubuhi na watu wa usafi.

Iliyoumia ni miguu. Jioni ilirudi nyumbani imevimba, viatu vimegoma kutoka. Mumewe, fundi cherehani asiyejua kunyamaza, alimchemshia maji ya chumvi akamkanda taratibu.

"Serikali imekupa cheo cha nguzo, mke wangu."

"Nguzo ina nafuu. Haina magoti."

"Si uombe kiti?"

"Nimeomba. Wanasema kinaharibu sura."

"Sura ya nani?"

Mama Mlango alicheka, kisha akalia kidogo, kwa sababu alikuwa amechoka kweli. Daktari alishamwambia kwamba akiendelea kusimama vile, miguu itamwachisha kazi. Na kazi aliihitaji. Cherehani peke yake isingeweza kuwalisha. Alichotaka ni kukaa tu, basi.

Akapiga moyo konde, akapanda kwa meneja wa jengo. Meneja alikuwa kijana mwenye maneno laini na kiti cha ngozi kinachozunguka.

"Mama yangu, nakuelewa kabisa," alisema, akizunguka. "Lakini msanifu anasema ule uwanja unahitaji kupumua."

"Na mimi je?"

"Tutalifanyia kazi."

Mkubwa akikwambia hivyo, ujue umeambulia patupu. Mama Mlango akashuka, akarudi kula jua.

Kumbe safari hii walilifanyia kazi. Asubuhi moja alikuta winchi inashusha kitu uwanjani, karibu kabisa na pale anaposimama. Kilikuwa kiti. Kiti cha jiwe jeupe, kina mgongo na mikono, kipana cha kuwatosha watu wawili wanaopendana au watatu waliozoeana. Furaha ikamjaa. Akasogea akione vizuri, ndipo akasoma kibao kilichosimikwa kando yake, maana kumbe vibao vinaruhusiwa: "Mapumziko ya Mwananchi. Kazi ya sanaa. Haikaliwi."

Akakisoma tena. Hasira aliyoimeza tangu jengo lilipozinduliwa ikampanda mpaka kooni. Siku zote alijiambia kwamba jengo lile ni la kijinga tu. Sasa aliona kwamba linamcheka.

Mchana ule msanifu alikuja na wageni wake na makamera yao, wakawa wanazunguka uwanjani wakiinua shingo na kusifu. Mama Mlango hakuwangoja waondoke. Alivua viatu, akavipanga chini ya kibao, akakaa. Jiwe lilikuwa la baridi. Akanyoosha miguu, akafumba macho kidogo. Watu waliokuwa wakipapasa vioo wakamfuata huko huko kuuliza mlango, naye akawaonyesha kwa kidole bila kunyanyuka. Bibi mmoja aliyechoka kuzunguka akaketi pembeni yake bila kuuliza mtu.

Meneja akaja mbio, tai imemrukia begani.

"Mama, utamwaga unga. Inuka. Hiki si kiti."

"Najua, mwanangu. Kingekuwa kiti, mngeshakiondoa."

Meneja akageuka kutafuta msaada. Msanifu alikuwa amepiga goti upande wa pili, kamera usoni, akiwaeleza wageni wake kwamba hatimaye wananchi wamelielewa jengo. Akamwomba yule mama wa sare ya kijivu, tafadhali sana, asisogee.

"Usiwe na wasiwasi," akasema Mama Mlango. "Sisogei mpaka jioni."