Bisibisi ya Fundi Sikio

Jina la Fundi Sikio hakujipa, alipewa na wateja. Kwa miaka thelathini na saba aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akaukaza sikioni, akataja ugonjwa kabla mwenye gari hajamaliza kulalamika. Gari lake mwenyewe, alilorithi kwa baba yake, lilikuwa kuukuu, la usukani mpana, nalo lilinguruma hata likiwa na afya njema. Ukilipanda na mwenzako, mazungumzo mliyaacha nyumbani.

Binti yake, mwalimu wa hesabu, alinunua kigari cha kisasa. Fundi alikizunguka mara mbili, akasema bati lake ukilibonyeza kwa kidole linaitikia, na injini imefunikwa plastiki kama chakula kinachofichwa nzi. Binti akamjibu kwa upole kwamba chake hakijamlaza njiani hata siku moja, ila lile la chuma lilimfikisha kwenye mtihani likisukumwa. Ukweli unauma.

Jumamosi moja kigari kilikuwa kimeziba mlango wa gereji, naye akaingia kukisogeza. Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena, kimya. Taa za dashibodi hakuzitazama; taa hajawahi kuziamini. Baada ya mara ya tano alishuka, akawatangazia wateja wawili kwamba kigari kimekufa, akawakumbusha kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda.

Wateja walitazamana. Injini ilikuwa imewaka tangu alipobonyeza mara ya kwanza. Akaizima, akaiwasha, akaizima tena mwenyewe. Mara ya tano ikawaka, na sasa ilikuwa inaunguruma taratibu nyuma ya mgongo wake.

Walipoondoka, binti, aliyeyaona yote kutoka mlangoni, alimwuliza ni tangu lini. Fundi alijifanya anatafuta spana. Aliona haya.

"Tangu mwaka juzi, mwanangu. Siku hizi nasikia kwa meno."

Akawasha gari lake, akauma mpini wa bisibisi, ncha kwenye injini, macho kayafumba. Mtikisiko ulimpanda tayani, akataja vali moja baada ya nyingine. Akarudia kwenye kigari. Kilitikisika kidogo mno, hakikumwambia kitu. Na vya namna hiyo ndivyo vilivyojaa barabarani. Asipovisikia, gereji imekwisha, na jina pia. Aliogopa, na safari hii hakuficha.

Binti aliichukua bisibisi, akaifuta mate, akakiinamia kigari chake, mpini sikioni.

"Kuna mlio mwembamba, baba. Upande wa mkanda."

Fundi akaingia ndani, akakanyaga mafuta, akaachia, akatoa kichwa dirishani.

"Umepanda huo mlio?" akauliza.

Binti akamgeukia, akasema kwa sauti kubwa, midomo akiifungua vizuri, kwamba umepanda, kisha ukashuka pamoja na injini.

"Beringi ya alternata," fundi akasema, kabla binti hajaiondoa bisibisi sikioni.