Mbwa Aliyebaki na Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipomchukua mbwa wa marehemu mama nikaenda kumtupa. Neno lenyewe ni hilo, kumtupa. Sitalipamba mbele yako.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nguvu tele na akili haba. Tulikaa Jilore, mimi na baba, katika shamba letu la mahindi. Mama alikuwa amefariki miezi michache nyuma, akatuachia mbwa wake aitwaye Watasema, jina alilompa kuwajibu majirani waliokuwa na maneno mengi. Zamani mbwa huyo aliwafukuza nyani shambani. Sasa alikuwa mzee, jicho moja limeingia ukungu, manyoya yamenyonyoka. Kila nilipomwona amelala mlangoni pa baba nilikereka, nikaona tunamlisha bure.

Basi ikaja pikapu iliyokuwa ikienda Marafa kuchukua mananasi. Nikampakia nyuma, nikapanda naye. Hakubweka wala hakuleta ubishi. Nadhani alifurahi kutembezwa. Sokoni nilimshusha, nikamtupia kipande cha muhogo, na alipoinama kula nikarudi garini. Baba nilimwambia mbwa amepotea.

Lakini siku ya tatu jua lilikuwa limeshapanda na mlango wake bado umefungwa, naye hakuwa mtu wa kulala. Niliingia nikamkuta macho wazi, uji wa jana umeganda kando ya kitanda. Nikamwamkia, nikamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Mama yako alipozikwa mlikuja wote mkalia, halafu kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Hata wewe niishiye nawe nyumba moja. Yule mbwa ndiye aliyebaki nami. Kila alfajiri aliukwaruza mlango mpaka niamke nimpe chakula, na nikishaamka, siku inakwenda. Sasa niamkie nini?"

Baba alinichapa sana utotoni, lakini hakuna fimbo iliyoniuma kama swali lile. Nikapiga magoti nikamweleza ukweli. Hakunitukana. Alisema tu, "Kamtafute," akageukia ukutani.

Niliazima baiskeli, nikavuka mto Sabaki, nikazunguka Marafa siku nzima bila kumwona. Kesho yake nilimwamkia mama mmoja muuza chai pale sokoni, nikamweleza shida yangu. Akanionyesha chini ya meza yake. Watasema alikuwa amejikunja pale, mguu mmoja umevimba. Yule mama alisema kila gari liliposimama mbwa aliinuka kwa tabu, akaenda kuwanusa walioshuka, kisha akarudi kulala. Aliponiona alitikisa mkia. Hapo ndipo nilipolia, mwanangu. Alinifurahia mimi, mimi niliyemtupa.

Nilimfunga kwa leso nyuma ya baiskeli, nikaisukuma sehemu kubwa ya njia ili asiumie. Baba alitoka uani kwa miguu yake mwenyewe, akaketi chini kwenye udongo, akamshika kichwa. Lakini hakusema nami mpaka siku ya pili.

Watasema aliishi nasi hadi mvua za mwaka ule. Alipokufa, baba alitaka kaburi nilichimbe mimi. Kabla sijafukia, aliinama akasema, "Ahsante. Umenivusha." Nami nikaanza kufukia, nikikumbuka kwamba hata mama sikuwahi kumwambia ahsante akasikia.

Kwa hiyo nakuusia. Paka anayelala miguuni pako, mbwa anayekupokea langoni, wanakufanyia kazi usiyoiona, na hawana ulimi wa kuisema. Washukuru wangali hai. Shukrani yao ni maji safi, chakula kwa wakati, dawa wakiugua, na subira wakizeeka. Na neno la upole pia, usione haya. Na kabla hujasema mnyama wa mwenzako hana faida, mwulize kwanza anamfaa nini. Watu wengi wanashikiliwa wasianguke na vitu tusivyovijali.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kushukuru, mwanangu, na aibariki nyumba yako pamoja na kila chenye pumzi ndani yake.