Papasi wa Baba

Juzi papasi alitambaa sakafuni mwa tembe letu pale Ulemo, mbele ya viatu vyangu vya ngozi, mimi niliyerudi wiki iliyopita na stashahada ya utabibu, wa kwanza kijijini. Nilimkanyaga, na harufu ya samli na majivu ikanirudia.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, Bibi alikuwa amenipaka samli na majivu mguuni, mahali papasi waliponing'ata. Baba alikuwa anajiandaa kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Juu ya mzigo wake niliona fundo la kitambaa. Nilipolifungua, ndani ya udongo kidogo mlikuwa na papasi saba! Niliwasaga kwa jiwe mmoja mmoja, nikiwatukana.

"We mtoto! Nani kakutuma?" Bibi alifoka. "Hao ni wa baba yako! Wamng'ate huko, damu yake isisahau homa ya nyumbani."

Nilidhani Bibi anafuga maadui. Baba aliondoka bila wao, na wiki aliyorudi homa ya papasi ilimwangusha, nusura tumzike.

Chuoni nilijifunza kwamba Bibi alisema kweli: mwili uliokaa mbali na papasi husahau homa yao, na kinga huisha. Nami nilikaa mbali miaka mingi. Tangu jana natetemeka kwa homa, pampu ya dawa ya wadudu iko kando ya kitanda. Nikiinuka tu, habaki papasi hata mmoja.