Sinki Chini ya Dirisha

Mama alikufa kabla jiko letu halijatengenezwa, lakini katika chama chao cha wanawake wanaotengenezeana majiko kwa zamu, zamu ya mtu haipotei. Wanawake walileta sinki aliyoitaka na pesa za fundi, wakaimba, wakanywa chai, wakaenda. Sikuhisi kitu. Niliwaza tu kwamba sinki ni kubwa, hata mbuzi angeoga humo.

Wiki iliyofuata fundi alitoka Kiganjo kuja kupiga hesabu na baba.

"Mzee, hii pesa inafanya kitu moja. Bomba ya moshi, ama dirisha na sinki."

Baba akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

"Moshi ikae," nikasema. "Angalau tutakuwa na sababu ya kulia."

Fundi alicheka peke yake. Baba aliangalia mabati meusi juu yetu kwa muda.

"Weka sinki," akasema.

"Urefu gani?"

Baba aliweka mkono chini kidogo ya kiuno changu. Mama alikuwa mfupi.

"Hapa."

Siku hizi naosha vyombo nikiwa nimeinama kama mzee anayetafuta meno yake. Moshi upo palepale. Hata huo haujafaulu kuniliza.